Olduvai, Amboni au matumbawe ya Tanga? Ulinganisho kwa wanaotoka Arusha na Moshi kwenda kusoma umri wa miamba

Hela ya safari ya masomo kwa kawaida inatosha safari moja tu, na katika shule na vyuo vya utalii vya Arusha na Moshi ubishi ni ule ule: twende wapi ili wanafunzi waone kwa macho yao jinsi umri wa tabaka la mwamba unavyojulikana? Wengi hutaja Olduvai kwa sababu ni jina kubwa na liko upande wetu. Wengine husema twende Tanga, kwenye Mapango ya Amboni. Wachache hutaja ufuko wenyewe, yale mawe makavu ya matumbawe yaliyoinuka juu ya maji. Nimeongozana na vikundi kwenda kote kutatu, na ninaona watu huchagua kwa umaarufu wa mahali badala ya kuchagua kwa swali wanalotaka wanafunzi waweze kulijibu. Kila mahali pana ushahidi wake wa umri, na wa huku hauzibi pengo la kule.

Kubaki nyumbani hakutasaidia sana. Kilimanjaro na Meru ni milima ya volkano. Mawe yake ni lava na majivu, na humo hutapata hata gamba moja la baharini. Marumaru ya ukanda wa Mirerani ilianza kama chokaa ya bahari ya kale, lakini joto na mgandamizo wa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita viliipika upya hadi kila alama ya asili ikafutika. Lazima upande gari.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia vigezo vitano kwa kila mahali: macho yanaona nini, umri unajulikanaje, mtego uko wapi, yaani ni jambo gani huwapotosha wanafunzi, njia na ruhusa, na mwisho, panamfaa nani. Viingilio sikuvitaja kwa tarakimu kwa sababu hubadilika, na viwango vya raia ni tofauti na vya wageni. Piga simu kabla ya kuchangisha wazazi.

Kwanza tuelewane kuhusu visukuku na matumbawe

Sehemu hii ifundishwe darasani kabla ya safari. Bila hiyo, mwanafunzi atarudi na picha nzuri kwenye simu na basi.

Kanuni ya kwanza ni ya Nicolaus Steno, mwaka 1669: tabaka la chini lilitangulia, la juu lilifuata, ilimradi hayajapinduliwa. Ya pili ni kazi ya William Smith, mpimaji wa mifereji huko Uingereza. Aliona kwamba kila tabaka lina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye mwamba, hivyo tabaka lile lile unaweza kulitambua hata ukilikuta mkoa mwingine. Ramani yake kubwa ya miamba ilitoka mwaka 1815. Kati ya 1856 na 1858 Mjerumani Albert Oppel akaenda mbali zaidi: akaigawa miamba ya kipindi cha Jurasi (kati ya miaka milioni 201 na 145 iliyopita) katika kanda nyembamba kwa kufuata amonaiti, wale viumbe wa baharini wa jamii ya ngisi na pweza waliokuwa na gamba la kuviringika.

Kwa nini amonaiti? Kisukuku kinachofaa kupima umri lazima kiwe kimeenea mbali, kiwe kimedumu muda mfupi, kiwepo kwa wingi na kitambulike bila ubishi. Fikiria fulana ya kampeni za uchaguzi. Ukiifukua kwenye shimo la taka unajua mara moja ni uchaguzi wa mwaka gani, maana iligawiwa nchi nzima kwa miezi michache kisha ikaisha. Jembe ulilolikuta kwenye shimo hilo hilo halikuambii mwaka; sura yake ni ile ile tangu enzi za babu. Amonaiti ni fulana. Tumbawe, kwa sehemu kubwa, ni jembe.

Tumbawe linafuata mazingira: maji ya vuguvugu, mwanga wa kutosha, tope kidogo. Likiyapata mazingira hayo leo, au miaka milioni kadhaa mbele, linajenga kwa sura zinazokaribiana. Ndiyo maana mwamba mkubwa wa matumbawe wa kale, pamoja na kwamba wote ni visukuku vitupu, mara nyingi hupata umri wake kwa msaada wa majirani: amonaiti na viumbe vidogo vya hadubini vilivyozikwa kwenye tope la maji ya kina, kandokando ya mwamba. Kitovu chenyewe pengine hakina hata matabaka. Ni tungamo moja la mifupa ya matumbawe, mwani wa chokaa unaogandisha, na mchanga uliojaza nafasi.

Kuna jambo jingine linalowashangaza hata walimu. Ubavu wa mwamba wa matumbawe humwaga vifusi kuelekea kina kirefu, na vifusi hivyo hulala kwa mteremko tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo jiwe lililo chini kabisa ya mteremko linaweza kuwa rika moja na jiwe lililo juu kileleni. Katika korongo la Windjana, Australia, ambako mto umeukata mwamba wa bahari wa kipindi cha Devoni, kilichotangulia Jurasi kwa muda mrefu, mteremko huo unaonekana wazi ukutani. Anayejua kanuni ya Steno peke yake, bila kujua mwamba wa matumbawe hukuaje, atapanga umri kinyume.

Na wajenzi hawakuwa wale wale siku zote. Miamba ya Devoni ilijengwa na sponji wa chokaa na matumbawe ya jamii zilizokwisha kutoweka. Jamii ya matumbawe tunayoiona leo pwani kwetu ilianza kuonekana kama miaka milioni 240 iliyopita, na katika kipindi cha Kretasia, kilichofuata Jurasi, chaza wakubwa wenye magamba kama pembe walishika nafasi sehemu nyingi. Kwa hiyo kumjua mjenzi hukupa enzi. Miaka yenyewe inahitaji ushahidi mwingine.

Korongo la Olduvai

*Macho yanaona nini.* Ukisimama kwenye kituo cha makumbusho unatazama korongo lenye kina cha mita 90 hivi, na matabaka yanasomeka kutoka pale pale ulipo. Chini kuna lava nyeusi. Juu yake matabaka manne makuu yenye namba, kisha Masek, Ndutu na Naisiusiu. Tabaka la Tatu ni jekundu kiasi kwamba mwanafunzi wa mwisho kabisa kwenye mstari ataliona. Sijui mahali pengine Kaskazini ambapo neno "tabaka" linaeleweka haraka namna hii.

*Umri unajulikanaje.* Hapa ndipo Olduvai inapozishinda sehemu nyingine mbili. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, katika Tabaka la Kwanza. Mumewe, Louis, alilikadiria kuwa na umri wa miaka laki sita hivi. Mwaka 1961 vipimo vya potasiamu na argoni vilivyofanywa na Jack Evernden na Garniss Curtis vikatoa miaka milioni 1.75, na historia nzima ya binadamu ikavutwa nyuma. Kipimo chenyewe kinafundishika ubaoni: potasiamu ya aina moja hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni, mawe yakiyeyuka argoni yote hutoroka, kwa hiyo siku volkano inapolipuka hesabu inaanza sifuri. Mfupa haupimwi. Yanapimwa majivu yaliyo chini ya mfupa na yaliyo juu yake, na umri wa mfupa unaangukia katikati.

Visukuku navyo havikukaa kando. Nguruwe mwitu wa kale wa Afrika Mashariki walibadilika haraka: gego la mwisho liliongezeka urefu kizazi baada ya kizazi kadiri walivyozidi kula nyasi. Ukilishika mkononi gego la aina hiyo, lenye vinundu vilivyojipanga mstari kutoka mbele hadi nyuma, unaweza kulipanga katika mfululizo bila mashine yoyote. Mashariki ya Ziwa Turkana, Kenya, kulikuwa na tabaka la majivu lililopimwa likapewa miaka milioni 2.6. Wataalamu wa nguruwe, akiwemo Basil Cooke, wakakataa: nguruwe wa pale walilingana na wa sehemu nyingine waliokuwa na umri mdogo zaidi. Mzozo ulichukua miaka, vipimo vikarudiwa, na umri ukatulia karibu na miaka milioni 1.9. Meno ya nguruwe yalikuwa yamesema kweli. Kama kuna hadithi moja ya kumsimulia mwanafunzi pale ukingoni, ni hiyo.

*Mtego.* Mvua hubomoa kuta, na mfupa uliotoka Tabaka la Pili unaweza kulala juu ya lile la Kwanza. Kisukuku kilichookotwa chini ya mteremko hakina umri mpaka ijulikane kilitoka wapi. Pia korongo lenyewe ni changa kuliko matabaka yake. Maji yalilikata baadaye. Na wanaotafuta bahari hawataikuta: palikuwa na ziwa la magadi, si matumbawe.

*Njia na ruhusa.* Kutoka Arusha ni Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, lango la Lodoare, kisha barabara ya vumbi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Zaidi ya kilomita 200 kwenda tu. Kutoka Moshi ongeza kama kilomita 80. Panga viingilio vya hifadhi, gari linaloweza ile barabara, na muongozaji wa kushuka korongoni. Usishuke bila yeye, na usiokote chochote.

*Panamfaa nani.* Darasa linalosoma mabadiliko ya binadamu, wanafunzi wa utalii watakaoongoza wageni ukanda huu, na mwalimu anayetaka kuonyesha njia mbili za kupima umri zikisahihishana.

Mapango ya Amboni

*Macho yanaona nini.* Chokaa ya bahari ya kipindi cha Jurasi, iliyotobolewa na maji. Yako mapango kadhaa, ila wageni hupelekwa katika moja. Ndani kuna giza, popo, na michirizi ya chokaa iliyoganda ikining'inia darini na mingine ikipanda kutoka sakafuni. Waongozaji watawaonyesha maumbo yenye majina na watasimulia hadithi za eneo; waache wanafunzi wazifurahie, kisha warudishe kwenye ukuta. Waulize: hii ni chokaa ya namna gani? Si kila chokaa ni mwamba wa matumbawe. Nyingine ni tope la bahari tulivu, nyingine ni vipande vya magamba vilivyosagwa na mawimbi. Anayejua kutafuta tumbawe lililosimama kama lilivyokua, na kulitofautisha na kipande kilichosombwa, ameshapata nusu ya elimu ya miamba hii.

*Umri unajulikanaje.* Majivu ya volkano ya kupima kwa argoni hayapo hapa, kwa hiyo viumbe ndio mashahidi. Ukanda huu wa Jurasi unaendelea kaskazini hadi nyuma ya Mombasa, na huko mashapo ya udongo yametoa amonaiti walioelezwa na wataalamu tangu zamani. Udhaifu wake kwa mwalimu ni kwamba mgeni wa kawaida haoni amonaiti ndani ya pango. Inabidi uende na picha, au uazime sampuli, ueleze kwa maneno.

*Mtego.* Mwanafunzi atauliza: "Pango hili lina miaka mingapi?" Swali hilo lina majibu matatu. Mwamba ni wa Jurasi. Tundu ni changa zaidi sana, maana lazima mwamba uwepo kwanza ndipo maji yenye tindikali hafifu yauyeyushe. Michirizi iliyoganda ni michanga kuliko tundu. Na mfupa wa mnyama ukiukuta sakafuni ni mchanga sana kuliko mwamba, ingawa umelala mita nyingi chini ya dari la Jurasi. Hapa kanuni ya Steno inaonekana kuvunjika, na mwanafunzi akishaelewa kwa nini haijavunjika, atakuwa ameielewa kweli.

*Njia na ruhusa.* Kutoka Arusha hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 400 kwa lami kupitia Moshi, Same, Mombo, Korogwe na Segera. Wa Moshi wana nafuu ya kilomita 80. Lazima mlale. Mapango yako kilomita chache tu kutoka mjini, upande wa barabara ya Mombasa. Njoo na tochi nyingi, viatu visivyoteleza, na uwaulize mapema wanafunzi wenye pumu au hofu ya mahali finyu. Mkipita Pongwe, kabla ya kuingia Tanga, simamisheni gari mtazame machimbo yanayolisha kiwanda cha saruji mkiwa barabarani: jiwe la pangoni na la kwenye mfuko wa saruji ni familia moja, na kwa wanafunzi wa biashara au ufundi dakika hizo zina maana kubwa.

*Panamfaa nani.* Kidato cha Tatu na kuendelea wanaosoma kazi ya maji ardhini, walimu wa Kemia wanaotaka kuunganisha kabonati na tindikali, na yeyote anayetaka wanafunzi waache kuchanganya umri wa mwamba na umri wa umbo.

Matumbawe yaliyoinuka, pwani ya Tanga

*Macho yanaona nini.* Tembea ufukweni kuelekea Ras Kazone maji yakiwa yamekupwa, utazame kingo za mawe ya kijivu yenye ncha kali zilizoliwa na mawimbi kwa chini. Ni matumbawe yaliyokufa, na mengi yamesimama pale pale yalipokulia. Kwa ukaribu zaidi nenda Tongoni, kusini ya mji, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili. Kuta zimejengwa kwa mawe hayo hayo. Pale plasta ilipobanduka unaona jiwe lenye vijishimo vya duara vilivyosongamana, kila kimoja na vikuta vyembamba vinavyokutana katikati. Kila kijishimo kilikuwa makazi ya kiumbe mmoja. Mwanafunzi asiguse kwa kucha. Atazame kwa lenzi.

*Umri unajulikanaje.* Hapa tumbawe lenyewe linapimwa, jambo ambalo Amboni haliwezekani. Tumbawe likiwa hai huchukua uraniamu kidogo kutoka maji ya bahari. Thoriamu haiyeyuki majini, kwa hiyo mwanzoni karibu haimo kabisa; inayokutwa baadaye imezaliwa ndani kutokana na uraniamu. Uwiano wa viwili hivyo hutoa umri hadi kama miaka laki tano. Sehemu nyingi duniani kipimo hiki kimeonyesha kwamba miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa mita sita hadi tisa juu kuliko leo, na matumbawe yaliyokua wakati huo yakaachwa juu maji yaliposhuka.

Tumbawe lina jambo jingine la kustaajabisha. Linaongeza mstari mwembamba wa chokaa kila siku. Mwaka 1963 John Wells alihesabu mistari kwenye matumbawe ya Devoni akapata takriban 400 kwa mwaka mmoja. Dunia ilizunguka haraka zaidi wakati huo, siku zikawa fupi na nyingi. Nimeona darasa zima likinyamaza liliposikia hili, na ninaamini hakuna mwanafunzi atakayelisahau.

*Mtego.* Tumbawe likinyeshewa kwa miaka elfu nyingi madini yake hubadilika, uraniamu huingia au kutoka, na umri unaotolewa unakuwa wa uongo. Wapimaji huchagua kipande ambacho hakijabadilika. Mtego wa pili ni kusema "bahari ilipanda" bila kuuliza kama ardhi nayo ilisogea. Na wa tatu, ulio rahisi: umri wa jiwe la ukutani Tongoni si umri wa msikiti.

*Njia na ruhusa.* Njia ni ile ile ya Tanga. Kinachoamua ni maji. Nenda wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanapokupwa mbali. Ukienda maji yamejaa utatazama mawimbi tu. Waulize wavuvi saa ya kupwa siku moja kabla. Vaeni viatu vigumu, msikanyage matumbawe hai.

*Panamfaa nani.* Wanafunzi wadogo, vikundi vyenye bajeti ndogo ya viingilio, na wanaojali tabianchi, maana hapa hapa wanaona mwamba uliokufa na, hatua chache mbele ndani ya maji, ule unaojengwa sasa.

Kwa hali yako

Kama una siku moja au mbili na gari la uhakika, na mtihani unauliza habari za binadamu wa kale, Olduvai inakutosha. Kwa chuo cha waongoza watalii cha Arusha ningesema hivyo hivyo, kwa sababu wageni watawauliza juu ya majivu na fuvu, si amonaiti.

Kama swali lako ni visukuku vya baharini na chokaa, usijilazimishe kwenda Olduvai kwa ajili ya jina. Panga siku tatu za Tanga. Anzeni na ufuko, mwishie Amboni: mwanafunzi aliyekwisha kuona tumbawe hai na lililokufa jana yake ataweza kuusoma ukuta wa pango, na akianza na pango ataona jiwe tu. Kama bamvua haiangukii siku zenu, geuzeni, ila nendeni na picha za kutosha.

Shule za Moshi zina sababu ya ziada ya kuchagua Tanga, kwa vile umbali wa ziada kati yenu na Olduvai unaliwa na mafuta bila kuona mwamba mpya. Za Karatu na Monduli ni kinyume chake.

Kwa wanafunzi wa Kidato cha Tano na Sita wanaotaka kusomea jiolojia, nashauri miaka miwili, sehemu mbili: Olduvai mwaka wa kwanza, Tanga mwaka wa pili. Tendaguru, kule Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na ambako matabaka ya bahari yamepishana na yale ya mifupa, ni mbali mno kwa basi la shule kutoka huku. Liwe somo la darasani.

Na kama mwaka huu hela haipo kabisa, wapeleke kwenye makumbusho yaliyo ndani ya Boma la Wajerumani, Arusha mjini, waone maonyesho ya mabadiliko ya binadamu. Kisha waambie kila mmoja alete jiwe kutoka kwao. Saga kidogo, dondoshea ndimu au siki kali. Litakalotoa povu lina chokaa. Lava ya mlimani kwa kawaida haitatoa. Anzia hapo kuwauliza kwa nini.